Yoshua au Kalebu: mtoto wa kiume umpe jina lipi?

Wazazi wengi wakishakubaliana kwamba mtoto wa kiume atapewa jina la Agano la Kale, na wakishaweka pembeni Daudi na Samweli manake kwenye ukoo wapo tayari wawili watatu, wanajikuta wamebaki na hawa wawili, Yoshua na Kalebu. Na wanashindwa kuchagua kwa sababu hawa jamaa wanatajwa pamoja karibu kila mahali, walitumwa safari moja, wakarudi na jibu moja, na kati ya wanaume wote waliohesabiwa jangwani wakiwa na miaka 20 na zaidi ni wao wawili tu walioingia Kanaani. Ukisikiliza baadhi ya mahubiri unaweza kudhani ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Sio mtu mmoja, tena ni watu tofauti sana, na ukimpa mwanao jina la huyu au la yule unampa stori tofauti kabisa ya kukua nayo. Nimewaweka hapa mmoja pembeni ya mwenzake, na sitaficha mimi naegemea wapi.

Siku waliyosimama pamoja

Tuanze Hesabu 13 manake ndo mahali pekee unapowaona wote wawili mbele ya jambo moja. Musa anatuma watu 12 wakaipeleleze nchi ya Kanaani, kila kabila mmoja, Kalebu anatoka Yuda na Yoshua anatoka Efraimu. Wanazunguka siku 40, wanapanda mpaka Hebroni walikokuwa wanaishi Ahimani, Sheshai na Talmai wana wa Anaki, watu wakubwa wa kutisha, alafu kwenye bonde la Eshkoli wanakata tawi lenye kishada kimoja cha zabibu, kinabebwa na watu wawili kwenye mti begani, pamoja na makomamanga na tini. Ile picha ya watu wawili na kishada katikati ndo inatumika mpaka leo kama alama ya wizara ya utalii ya Israeli, na watu wanapenda kuamini wale wawili ni Yoshua na Kalebu, lakini Biblia haisemi hivyo, na Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasema kinyume chake kabisa, kwamba matunda yalibebwa na wale wengine kumi na hawa wawili hawakubeba kitu.

Wakarudi. Kumi wakasema nchi ni nzuri kweli, ila wenyeji wake ni majitu, sisi mbele yao tulijiona kama mapanzi. Kambi ikaanza kuchafuka. Hebu sasa angalia nani alifungua mdomo kwanza. Mstari wa 30 una jina moja tu, la Kalebu, ndiye aliyewanyamazisha watu mbele ya Musa akasema twendeni sasa hivi tukaimiliki maana tunaweza. Yoshua hasikiki hapo. Anasikika sura inayofuata, mstari wa 6, baada ya watu kulia usiku kucha na kuanza kupanga kuchagua kiongozi mwingine awarudishe Misri, hapo ndo wote wawili wanararua nguo zao na kusihi, na watu wanataka kuwapiga mawe.

Wahubiri wengi wanaupita huu mstari wa 30 haraka sana wakati kwangu una uzito mkubwa. Yoshua alikuwa msaidizi wa Musa tangu ujana wake, angeongea kwanza watu wangesema huyu si ni mtu wa Musa, atasema nini kingine. Labda ndo maana alinyamaza kwanza, labda alikuwa bado anapima, andiko halielezi. Ila Kalebu hakuwa na mtu nyuma yake. Alikuwa mkuu mmoja wa Yuda kati ya wakuu 12, kura zilikuwa kumi dhidi yake, na alisema alichokiona kabla hajajua kama kuna mwingine atamuunga mkono.

Alafu kuna hili jambo la kuitwa mtumishi. Musa anaitwa mtumishi wa BWANA mara nyingi tu. Yoshua anaitwa hivyo pia, lakini jina hilo analipata siku anayokufa, mwishoni kabisa mwa kitabu chake, baada ya vita vyote. Kalebu anaitwa "mtumishi wangu" na Mungu mwenyewe papo hapo jangwani, Hesabu 14:24, na sababu inatajwa, kwamba alikuwa na roho nyingine ndani yake. Miaka 45 kabla hajapewa hata kiwanja.

Majina yenyewe

Yoshua hakuzaliwa Yoshua. Kwenye ile orodha ya wapelelezi ameandikwa Hoshea mwana wa Nuni, na hapohapo tunaambiwa Musa akambadilisha akamwita Yoshua, yaani BWANA ni wokovu. Ni jina lilelile ambalo baadaye kwa Kigiriki linaandikwa Yesu, kwenye Agano Jipya la Kigiriki mwana wa Nuni na Bwana Yesu wanaandikwa sawasawa, kwa hiyo mzazi anayetaka mtoto abebe jina la Mwokozi bila kumwita Yesu moja kwa moja, hapa amefika.

Kalebu ndo lina kazi kidogo, na ni bora ulijue mapema kuliko mtoto aje kuambiwa na mwenzake shuleni. Kwa Kiebrania linafanana na neno la mbwa. Kwetu mbwa ni tusi, najua, na kuna wazazi wakishasikia hivyo wanalifuta palepale. Msikimbie haraka. Zamani zile mtu akiandika barua kwa mkubwa wake alijiita mbwa wake kama njia ya kusema mimi ni wa kwako, mwaminifu, sina makuu, barua zilizofukuliwa Lakishi, mji wa kale wa Yuda, za karne ya 6 KK zina maneno ya namna hiyo. Wapo pia wanaolifafanua jina kama "moyo wote" kwa sababu Kalebu anasifiwa mara nyingi kwamba alimfuata BWANA kwa moyo wote, hiyo ni tamu ila ni ya mimbarini zaidi kuliko ya wataalamu wa lugha. Mimi ningemwambia mtoto yote mawili akifikia umri wa kuuliza.

Na kuna jambo moja kuhusu Kalebu ambalo familia zilizochanganya makabila zitalipenda. Anaitwa Kalebu mwana wa Yefune, Mkenizi. Ukirudi Mwanzo 15 unawakuta Wakenizi kwenye orodha ya watu waliokuwa wakiishi kwenye ile nchi ambayo Abramu anaahidiwa. Ndo maana wasomaji wengi wanaona ukoo wake uliingia Yuda kutoka nje, ukapokelewa, na mtu wake mmoja akaja kuwa mwakilishi wa kabila zima. Mtoto ambaye baba ni wa huku na mama ni wa kule, na shangazi wa pande zote mbili bado wanavutana ni wa nani, anaweza kushika jina hili akasimama.

Yoshua, mtu aliyekua chini ya mkubwa

Stori ya Yoshua ni ya mtu aliyelelewa kazini. Anaanza Refidimu, Kutoka 17, anapigana na Waamaleki bondeni wakati Musa yuko kilimani mikono imeinuliwa na Haruni na Huri wameishikilia. Anapanda na Musa Sinai. Kuna mstari mmoja mdogo Kutoka 33 unasema Musa akirudi kambini, huyu kijana Yoshua alikuwa haondoki ndani ya hema. Nadhani hapo ndo alipotengenezwa, sio vitani.

Alikuwa na makosa ya ujana pia, na vizuri yameandikwa. Hesabu 11, wazee wawili Eldadi na Medadi wanatabiri huku kambini badala ya kuwa hemani na wenzao, kijana mmoja anakimbia kumwambia Musa, na Yoshua anadakia, bwana wangu wakataze. Musa anamuuliza, unaona wivu kwa ajili yangu? Laiti watu wote wa BWANA wangekuwa manabii. Kijana anayempenda bosi wake mpaka anataka kumlinda na baraka za watu wengine, tunawajua hao, wapo makanisani na maofisini. Yoshua alikua akatoka hapo.

Musa akifa, mzigo unamwangukia yeye. Ndo maana ile sura ya 1 ya Yoshua unasikia "uwe hodari na moyo wa ushujaa" mara tatu kutoka kwa Mungu na mara ya nne kutoka kwa watu wenyewe. Mtu asiyeogopa huhitaji kumwambia mara nne. Wazazi wanaomchagua Yoshua wakidhani ni jina la mbabe wangeisoma hiyo sura taratibu, huyu alikuwa mtu wa kutetemeka aliyeamua kwenda.

Sasa kuhusu uongozi wake nitakaa kidogo kwenye sura ya 9, manake mimi naiona ndo inamwonyesha kuliko hata Yeriko. Watu wa Gibeoni walisikia yaliyowapata Yeriko na Ai wakajua zamu yao inakuja, na walikaa karibu tu. Wakatafuta magunia makuukuu wakawatwika punda, viriba vya divai vilivyochanika na kushonwa, viatu vyenye viraka, nguo zilizochakaa, na mkate wao wote umekauka na kuota ukungu. Wakafika Gilgali wakasema tumetoka nchi ya mbali sana, huu mkate tuliuchukua ungali moto nyumbani siku tunaanza safari, angalieni sasa. Wakuu wa Israeli wakavichukua vile vyakula mkononi wakaviangalia, na andiko linasema wazi hawakutaka shauri kinywani mwa BWANA. Yoshua akafanya nao mapatano, wakuu wakaapa. Baada ya siku tatu wakagundua hawa ni majirani.

Kambi nzima ikawanung'unikia wakuu. Ingekuwa rahisi kusema tulidanganywa, kiapo hakihesabiki. Hawakusema hivyo. Waliwaacha hai, Yoshua akawaweka kuwa wapasua kuni na wachota maji, na Wagibeoni waliposhambuliwa na wafalme watano kwa kosa la kufanya amani na Israeli, Yoshua akapanda usiku kucha kutoka Gilgali kwenda kuwatetea. Ni kwenye vita hiyo ndo anaomba jua lisimame. Yaani ile siku kubwa kuliko zote za maisha yake ilitokana na kiapo alichokubali kwa kudanganywa na akakiheshimu. Na kiapo kile kilibaki na nguvu, karne za baadaye Sauli alipowaua Wagibeoni nchi ikapigwa njaa miaka mitatu siku za Daudi. Kama unatafuta jina la mtoto ambaye neno lake likitoka limetoka, ndo hili.

Lakini lazima niseme na upande mgumu. Kitabu cha Yoshua kina miji iliyoangamizwa na watu wake wote, wanawake na watoto na wazee. Mtoto anayeitwa Yoshua akifika miaka 14 au 15 akakisoma kitabu chenye jina lake mwenyewe atakuja kuuliza, na "Mungu aliamuru" peke yake halitamtosha kila mtoto. Wapo wanaosoma zile habari kama hukumu ya mara moja kwa mahali pamoja, wapo wanaosema lugha ya kuangamiza kabisa ilikuwa ndo namna wafalme wa zamani walivyosimulia vita, na kweli jiwe la farao Merneptah la karibu mwaka 1208 KK linatamba kwamba Israeli imeharibiwa na mbegu yake haipo tena, wakati Israeli ilikuwepo na ikaendelea kuwepo. Na kitabu chenyewe cha Yoshua kinasema wameangamizwa, alafu sura za mbele tunawakuta Wakanaani bado wapo. Mwanaakiolojia Mwingereza Kathleen Kenyon alipochimba Yeriko kati ya 1952 na 1958 aliona kuta zilizoanguka ni za zamani zaidi kuliko wakati ambao wengi wanamweka Yoshua, na mjadala haujaisha. Mzazi jiandae kukaa na mtoto na hayo yote mezani. Usimfokee akiuliza.

Kalebu, mtu aliyesubiri bila kuchacha

Kalebu alikuwa na haki. Hilo ndo la kwanza kulielewa. Yeye alisema twende, wakakataa wengine, na adhabu ya kuzunguka miaka 40 ilimkuta na yeye. Akazika kizazi chake chote jangwani. Rafiki zake, watu wa rika lake, wote. Na katika miaka yote ile hakuna mstari hata mmoja unaomwonyesha akilalamika, wala akisema niliwaambia. Hata cheo kilipotolewa kilienda kwa Yoshua, Hesabu 27, Musa anamwekea mikono mwenzake mbele ya mkutano wote, na Kalebu yupo palepale. Yule aliyesema kwanza siku ile wapelelezi waliporudi Kadeshi hakuwa ndiye aliyepewa uongozi.

Tunakutana naye tena Yoshua 14 huko Gilgali, nchi inagawanywa. Anakuja kwa Yoshua akiwa na watu wa Yuda, na anaongea kama mzee anavyoongea na mtu aliyepitia naye mambo: unajua neno BWANA alilomwambia Musa kwa habari yangu na yako kule Kadesh-barnea. Nilikuwa na miaka 40. Leo nina 85. Nguvu zangu ni zilezile. Basi sasa unipe mlima huu.

Hilo neno la mlima limehubiriwa sana huku kwetu, utalikuta kwenye mabango ya mikutano na kwenye maombi ya mwaka mpya, kila mtu anautaka mlima wake, na mara nyingi mlima umekuwa nyumba, gari na visa. Kwenye andiko lenyewe mlima aliouomba ulikuwa Hebroni, kule kule walikokuwa wanakaa wale wana wa Anaki waliowafanya wenzake kumi wajione mapanzi. Mzee wa miaka 85 alikuwa na haki ya kuchagua bonde lenye maji na kupumzika, akaomba sehemu yenye kazi ambayo kila mtu aliikwepa. Yoshua akambariki akampa, na Kalebu akawafukuza haohao watatu, Sheshai, Ahimani na Talmai.

Alafu kuna binti yake, Aksa. Watu wanaomchagua Kalebu kwa ajili ya mlima huwa hawafiki hapa na mimi naona hapa ndo penyewe. Kalebu alisema atakayeuteka mji wa Kiriath-seferi nitampa binti yangu, akauteka Othnieli, Aksa akaolewa, akapewa shamba upande wa Negebu. Sasa Negebu ni kukavu, na shamba bila maji ni jina tu. Aksa akapanda punda akaenda kwa baba yake, akashuka, na Kalebu alipomwona anashuka tu akamuuliza, unataka nini mwanangu? Hakumwambia kamwambie mumeo aje. Hakumwambia nimeshakupa inatosha. Binti akasema nipe baraka, umeniweka nchi kavu, basi nipe na chemchemi za maji. Akampa za juu na za chini, zote mbili. Kwenye jamii ambayo binti kudai kitu cha urithi kwa mdomo wake mwenyewe bado ni vita mpaka leo, kwenye vijiji vyetu na hata mjini, mimi baba wa namna hii nampenda sana. Mwenyewe alijua kuomba kwa ujasiri, na akalea mtoto anayejua kuomba kwa ujasiri, na wa kike.

Makosa ya Kalebu hatuyaoni, na huo ni udhaifu wa kumchagua kama kielelezo. Yoshua tumemwona akiona wivu, akidanganywa, akianguka kifudifudi baada ya watu 36 kufa Ai. Kalebu tunamwona mara chache na kila mara anang'aa, mtoto anaweza kuhisi hilo jina ni kubwa mno kwake.

Waliacha nini nyuma

Yoshua aliacha kitabu cha sura 24 na ule mstari wa Shekemu, "mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA", ambao sidhani kuna mtaa huku kwetu utakosa nyumba yenye huo mstari ukutani, kwenye kitambaa cha kochi, kwenye saa, kwenye kalenda. Alikufa ana miaka 110 akazikwa Timnath-sera, mji aliopewa na watu mwisho kabisa baada ya kila kabila kupata fungu lake, kiongozi aliyekula mwisho. Cha ajabu kuhusu mtu wa "nyumba yangu" ni kwamba Biblia haitaji mtoto wake hata mmoja, 1 Nyakati 7 inateremsha ukoo mpaka kwake na kuishia hapo. Mapokeo ya kiyahudi yanasema alimuoa Rahabu, lakini andiko lenyewe kimya. Na hakuandaa wa kumrithi kama Musa alivyomwandaa yeye. Waamuzi 2 inasema kikainuka kizazi kingine kisichomjua BWANA. Hili huwa linaniuma kila nikilisoma, mtu aliyeandaliwa vizuri namna ile.

Urithi wa Kalebu ulienda kwa njia ya watu. Othnieli, yule mkwe wake, ndiye mwamuzi wa kwanza wa Israeli, na nchi ikastarehe miaka 40. Hebroni ikawa mji wa makimbilio, mji ukapewa makuhani, mashamba na vijiji vyake vikabaki kwa Kalebu, na karne za baadaye Daudi akatawala hapo miaka 7 na miezi 6 kabla ya kwenda Yerusalemu. Ila sio wote wa ukoo wake walifaa, Nabali yule tajiri mchoyo aliyemtukana Daudi, mume wa Abigaili, alikuwa wa mbari ya Kalebu. Jina zuri halimlei mtoto.

Kwa Waislamu, kama kwenye ukoo wenu mna pande zote mbili, majina yote yanajulikana. Yusha bin Nun anatajwa kwenye hadithi kuwa ndiye kijana aliyefuatana na Musa kwenye safari ile ya Surat al-Kahf, na wale watu wawili wa Surat al-Maida aya ya 23 waliowatia moyo wenzao waingie mlangoni, wafasiri wengi wanasema ni Yusha na Kalib. Babu wa upande wa pili hatalisikia kama jina geni.

Haya, uchague lipi

Kwanza mambo ya kawaida. Yoshua au Joshua ni wengi sana, darasani mwalimu atalazimika kuongeza jina la baba ili kuwatofautisha. Kalebu ni wachache zaidi, Kenya utakutana na akina Caleb kwa urahisi kuliko Tanzania. Lolote utakalochukua amua tahajia moja tangu siku ya kwanza, Yoshua au Joshua, Kalebu au Caleb, na cheti cha kuzaliwa kisome sawa na cha ubatizo na cha shule, manake hizi herufi mbili tatu ndo zinakuja kumpeleka mtu kula kiapo mahakamani akiwa na miaka 25 anatafuta pasipoti.

Kama mtoto anazaliwa kwenye nyumba ambayo anategemewa kupokea kitu, kazi ya baba, shamba, huduma, wadogo zake watakaomwangalia yeye, nampa Yoshua. Jina lake litamwambia kwamba kupokea kutoka kwa mtu mkubwa kunaogopesha na bado kunafanyika, na kwamba ukikosea kwenye mkataba unabaki na neno lako. Na kama ni kifungua mimba wa kiume aliyepewa jina la babu aliyetangulia, naona Yoshua linakaa vizuri zaidi pembeni ya jina la babu.

Kama amezaliwa katikati ya watoto wengi, au familia imehama, au baba na mama ni wa makabila au mataifa mawili, au mlisubiri mimba miaka mingi mpaka watu wakaacha kuuliza, basi ni Kalebu. Huyo ndo mtu wa kusubiri bila kuoza moyo na kufika akiwa bado ana nguvu.

Mimi kama ni mtoto mmoja na sina sababu nyingine yoyote ya kunivuta, nachukua Kalebu, na sababu yangu ni Aksa na ule mstari wa 30. Nataka kijana anayeweza kusema kweli akiwa peke yake kabla hajapewa cheo, na akija kuwa baba, binti yake asiogope kushuka kwenye punda mbele yake.

Na kama mmejaliwa mapacha wa kiume, wapeni yote mawili na msigombane nani awe Kulwa nani awe Doto, Hesabu 14:30 inamtaja Kalebu kwanza, mistari minane mbele, 14:38, inamtaja Yoshua kwanza.